Maumivu Mawili, Jicho Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Mlezi wa Paka Mgonjwa

Mwanamke wa miaka 52, anayeishi peke yake, amekuwa akiugua baridi yabisi kwa miaka 9. Paka wake jike, mwenye umri wa miaka 14, aligunduliwa kuwa na ugonjwa sugu wa figo. Kwa muda wa miezi minne wagonjwa hao wawili walitegemea jozi moja ya mikono, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuma. Nilikifuatilia kisa hiki kama mshauri nasaha kuanzia wiki ya sita hadi mwisho wake. Jina la mwanamke huyo na mahali anapoishi nimeviacha kwa makusudi. Katika maelezo haya nitamwita mlezi, kwa kuwa ndivyo alivyojiona yeye mwenyewe, hata siku ambazo alihitaji kulelewa kuliko paka.

Aliyenifikia kwanza ni dadake mkubwa, na maneno yake yalikuwa ya lawama: "Mdogo wangu anajiua kwa ajili ya paka." Daktari wa mifugo naye alikuwa na malalamiko yake. Alisema kwamba mteja huyu huruka siku za dripu bila maelezo, kisha hupiga simu usiku akiomba paka alazwe kwa sindano ya mwisho, yaani ya kumfisha bila maumivu, na kukipambazuka hughairi. Jambo hilo lilikuwa limetokea mara tatu katika wiki sita. Daktari wa viungo, kwa upande wake, alikuwa ameandika katika jalada kwamba mgonjwa hapumziki inavyotakiwa na anakosa miadi. Malalamiko hayo matatu yote yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, kila mmoja alikuwa akimtaja mkosaji tofauti: dada alimlaumu paka, daktari wa mifugo alilaumu kigeugeu cha mteja, na daktari wa viungo alilaumu ukaidi wa mgonjwa.

Hali ya paka inahitaji kuelezwa kwa usahihi, kwa sababu sehemu kubwa ya mkanganyiko ilitokana na kudhaniwa kwamba inabadilika kila siku. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama, inayojulikana kwa kifupi kama IRIS, iliyoundwa mwaka 1998, hupanga ugonjwa sugu wa figo wa paka katika hatua nne, ikitumia hasa kiwango cha kreatinini, taka ambayo hujaa katika damu figo zinaposhindwa kuichuja. Hatua ya tatu huanzia miligramu 2.9 hadi 5.0 kwa kila desilita. Paka huyu alikuwa na 3.6. Katika hatua hiyo figo zimeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, wala hazirudi zilivyokuwa. Paka hunywa maji mengi, hukojoa sana, hupungua uzito, na mara kwa mara hupata kichefuchefu kinachomfanya akinuse chakula na kukiacha. Matibabu hayaponyi. Yanapunguza fosforasi katika chakula, yanatuliza tumbo, yanadhibiti shinikizo la damu linapopanda, na yanarudisha maji mwilini kwa dripu inayowekwa chini ya ngozi. Kwa matunzo hayo ugonjwa unaweza kwenda polepole kwa miezi mingi, na kwa baadhi ya paka hata miaka. Kwa ufupi, ni ugonjwa wa mwendo wa kobe. Jambo hilo lina uzito katika uchambuzi huu, kwani mlezi alikuwa akiueleza kama ugonjwa wa radi.

Baridi yabisi ya mlezi ndiyo iliyokuwa na tabia ya radi. Ugonjwa huu, ambamo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe, hupenda viungo vidogo vya vidole na viganja, kwa kawaida pande zote mbili kwa pamoja. Hulala kwa siku kadhaa, kisha huamka kwa ghafla. Asubuhi viungo hukakamaa kwa muda unaoweza kuzidi saa nzima kabla ya kulegea. Sasa mtu afikirie kazi iliyokuwa ikimngoja mlezi kila asubuhi: kupasha mfuko wa dripu katika bakuli la maji ya uvuguvugu, kuutundika juu, kufungua kifuniko cha sindano kwa vidole visivyokunjika, kubana ngozi ya mabega ya paka na kuinua kama hema dogo, kuchoma sindano, kuzungusha gurudumu la mrija, na kumshika paka asihame hadi mililita 100 ziishe. Ratiba hiyo ilipangwa asubuhi kwa sababu tu siku ya mafunzo ilikuwa asubuhi. Hakuna aliyeuliza, na mlezi hakusema.

Kwa nini hakusema? Nilipomuuliza, jibu lake lilikuwa fupi: "Ningeonekana natafuta kisingizio." Aliamini kwamba mtu anayempenda mnyama wake hawezi kutaja maumivu yake mwenyewe mbele ya maumivu ya mnyama, kana kwamba maumivu yako kwenye foleni na asiye na kauli lazima atangulizwe. Ndiyo maana siku aliposhindwa kufungua kifuniko cha sindano alimwambia daktari wa mifugo kwamba amesahau. Uongo huo mdogo ulikuwa na gharama kubwa, kwani daktari alianza kumhesabu kama mteja mzembe na akapunguza maelezo anayompa. Kwa daktari wa viungo nako hakutaja paka hata mara moja. Matokeo yake ni kwamba kila daktari alikuwa akitibu nusu ya kisa akiwa na imani kwamba anaona kisa kizima.

Nikiwa mkweli, mimi pia nilianza vibaya. Wiki mbili za mwanzo nilidhani ninashughulikia uchovu wa kawaida wa mlezi. Dhana hiyo haikuwa ya ovyo. Steven Zarit na wenzake walitunga mwaka 1980 dodoso la kupima mzigo wa watu wanaowatunza wagonjwa wa kusahau, na mwaka 2017 Mary Beth Spitznagel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, walichapisha utafiti uliotumia kipimo cha namna hiyo kwa watu wenye wanyama wagonjwa. Walikuta kwamba wanaotunza mnyama mwenye ugonjwa sugu au wa kufisha wana mzigo mkubwa zaidi, msongo zaidi na dalili zaidi za sonona na wasiwasi kuliko wenye wanyama wazima. Mlezi wetu alilingana na picha hiyo kwa karibu kila kitu. Lakini uchovu peke yake haukueleza zile simu tatu za usiku. Mtu aliyechoka huomba mzigo upunguzwe, na asubuhi yake bado amechoka; hakuna sababu ya yeye kughairi kwa furaha, akisema kwamba paka amefufuka.

Mwangaza ulitoka kwenye daftari. Daktari wa mifugo alikuwa amempa mlezi kipimo cha ubora wa maisha kilichotungwa na daktari wa mifugo Alice Villalobos mwaka 2004, ambacho hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku njema zinazizidi mbaya. Jumla inayozidi 35 huchukuliwa kuwa dalili kwamba maisha bado yanavumilika. Mlezi alikijaza kila siku kwa uaminifu mkubwa. Kwa upande mwingine, kwa ajili ya kliniki ya viungo, alikuwa akiandika maumivu yake mwenyewe kwa namba kutoka 0 hadi 10. Madaftari hayo mawili yalikaa katika vyumba viwili tofauti, na hakuna mtu aliyewahi kuyafungua kwa pamoja. Siku tuliyoyaweka mezani ubavu kwa ubavu, mlezi ndiye aliyeona kabla yangu.

Jumatano moja paka alikuwa amepewa alama 24, na siku hiyo mikono ya mlezi ilikuwa kwenye 8. Jumamosi iliyofuata paka alipewa 41, na mikono ilikuwa kwenye 3. Uzito wa paka siku zote mbili ulikuwa kilo 3.4. Chakula alichokula kilikuwa karibu sawa. Hakutapika siku yoyote kati ya hizo. Kilichoporomoka Jumatano na kupanda Jumamosi ni vile vipengele ambavyo havipimwi kwa mizani wala kwa bakuli, yaani maumivu, furaha, na lile swali la siku njema na mbaya. Zile usiku tatu za simu ziliangukia zote katika siku ambazo maumivu ya mlezi yalikuwa 8 au zaidi. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema: "Kwa hiyo nilikuwa ninaomba nani alazwe?"

Swali hilo linahitaji kusomwa kwa tahadhari. Nilimuuliza moja kwa moja kama amekuwa na mawazo ya kutaka kufa, kama inavyopasa kuulizwa mtu anapotamka maneno ya namna hiyo, na akajibu kwamba hapana. Alichotaka ni usiku ule uishe. Mshauri anayeruka swali hilo kwa kuogopa kumuudhi mteja anafanya kosa ambalo huenda asipate nafasi ya kulirekebisha.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo nadhani kisa hiki kinalidhihirisha. Mlezi hakuwa na mapenzi kupita kiasi, wala hakuwa kigeugeu. Alikuwa akiyasoma maumivu mawili kwa jicho moja. Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu kilipoboresha fasili yake ya maumivu mwaka 2020 kiliongeza maelezo kwamba maumivu daima ni jambo analolipitia mhusika mwenyewe, na kwamba kushindwa kusema hakuondoi uwezekano wa mtu au mnyama kuwa na maumivu. Sehemu ya pili mlezi aliijua kwa moyo, nayo ndiyo iliyomkosesha usingizi. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyomponyoka. Paka ni mnyama anayeficha udhaifu. Hujikunja, hunyamaza, hupunguza mwendo. Ukimya huo hauna maandishi, na mwenye maumivu makali akiutazama kwa muda mrefu huanza kuyaandika ya kwake juu yake. Siku mikono ilipowaka moto, paka aliyejikunja alionekana anateseka. Siku mikono ilipolegea, paka yuleyule, katika mkunjo uleule, alionekana anapumzika.

Mtu anaweza kupinga kwamba labda mambo yalikwenda kinyume, kwamba paka akizidiwa mlezi alipata msongo na viungo vikaamka. Nililichukulia kwa uzito pingamizi hilo. Hata hivyo, mlezi aliandika namba ya mikono yake akiwa bado kitandani, kabla ya kumwona paka, na siku mbaya karibu zote zilianzia huko. Sisemi kwamba njia ya pili haipo. Ninasema kwamba katika madaftari haya njia ya kwanza ndiyo iliyokanyagwa zaidi.

Kuna hatari nyingine iliyojitokeza wakati wa mazungumzo hayo, na ningependa ipewe nafasi kuliko nadharia yoyote. Mlezi alikuwa akipaka jeli ya kutuliza maumivu kwenye viganja, kisha, kama ilivyo kawaida ya watu wanaoumwa, alikuwa akitulia kwa kumpapasa paka. Paka hulamba manyoya yake. Dawa za jamii hiyo, zinazopunguza uvimbe na maumivu, hupunguza damu inayofika kwenye figo, na paka huzihimili vibaya sana hata akiwa mzima. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa onyo baada ya paka katika nyumba mbili kuugua, na baadhi yao kufa, kutokana na krimu yenye flabiprofeni, dawa ya jamii hiyohiyo, iliyokuwa ikitumiwa na wenye nyumba kwa maumivu yao wenyewe. Siwezi kusema kwamba jeli ya mlezi iliharibu figo za paka wake, kwa kuwa ugonjwa ulishagunduliwa na mambo mengi hudhuru figo za paka mzee. Ninachoweza kusema ni kwamba mkono wa kubembeleza ndio uliokuwa njia, na kwamba daktari wa mifugo angeuliza habari za jeli hiyo siku ya kwanza kama angejua kwamba mikono ya mteja wake inauma. Usiku mmoja mlezi alikuwa amefikiria pia kumpa paka nusu ya kidonge chake cha parasetamoli. Hakumpa, na ni bahati: ini la paka halina vimeng'enya vya kutosha kuivunja dawa hiyo, na nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumuua.

Hatua zilizofuata zilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia, pengine kwa sababu tatizo lilikuwa limeshapata jina. Mlezi aliandika barua mbili za ukurasa mmoja mmoja, moja kwa kila daktari, akieleza nusu ambayo kila mmoja hakuijua. Daktari wa mifugo alihamishia dripu jioni, wakati vidole vimekwisha kulegea, na akamwonyesha jinsi ya kushika gurudumu la mrija kwa kiganja badala ya ncha za vidole. Jeli ilibakia kwa siku ambazo mikono ingefunikwa kwa glavu, na blanketi ya paka ikahamishwa kutoka kitandani. Daktari wa viungo naye, alipojua kuna paka anayechomwa sindano nyumbani, alimkumbusha jambo ambalo lilikuwa halijamfikia: mtu anayetumia dawa za kupunguza nguvu ya kinga hapaswi kupuuza jeraha la jino la paka, kwa sababu huwa jembamba na lenye kina, na bakteria wanaoishi kinywani mwa paka huingizwa ndani kabisa. Tangu hapo mlezi hakumshika paka peke yake siku ambazo paka alikuwa mkali.

Suala la kutokuwa peke yake ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa na jirani kijana, binti wa umri wa chuo, ambaye mara mbili alijitolea kusaidia na mara mbili akaambiwa hapana. Mlezi aliona haya. "Mwanangu ana masomo yake," alisema, "nitamwitaje kwa ajili ya paka?" Kenneth Doka, aliyeandika mwaka 1989 kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui, alionyesha kwamba mtu anayeomboleza kitu ambacho wengine hawakihesabu kuwa msiba hujifunza kuficha kilio chake. Mlezi alikuwa ameanza kuficha hata kabla ya kifo, na pamoja na kilio alificha pia haja ya msaada. Hatimaye tulikubaliana kwamba ombi litakuwa la jambo moja la dakika 15, siku tatu kwa wiki: binti ashike, mlezi achome. Binti alikubali kabla sentensi haijaisha. Kwa maoni yangu, mabadiliko hayo yalifanya kazi kuliko mazungumzo yetu yote, na silisemi hilo kwa unyenyekevu wa uongo.

Madaftari hayakuunganishwa. Yalitenganishwa zaidi. Lile la paka lilianza na vitu vinavyohesabika: uzito mara mbili kwa wiki, sehemu ya chakula iliyoliwa, idadi ya kutapika, kama ameruka juu ya kiti chake au la. Kwa maumivu, mlezi alifundishwa kutazama uso kwa mpangilio uliochapishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal mwaka 2019, unaotoa alama 0 hadi 2 kwa masikio, macho, mdomo, masharubu na kichwa. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa maumivu ya ghafla, kwa hiyo hakiwezi kubeba ugonjwa sugu peke yake, lakini kilimlazimisha aangalie sikio kama sikio. Yale maswali ya furaha na siku njema yaliachiwa watu wawili, yeye na binti, kila mmoja akijaza bila kuona karatasi ya mwenzake. Wiki ya kwanza walitofautiana kwa alama nyingi. Kufikia wiki ya nne tofauti ilikuwa ndogo.

Liliwekwa pia sharti moja, ambalo mlezi alilitunga mwenyewe siku ambayo mikono yake ilikuwa kwenye 2: uamuzi wa sindano ya mwisho hautafanywa siku ambayo namba yake ya asubuhi imezidi 6, isipokuwa daktari wa mifugo amemwona paka kwa macho yake na kusema kwamba kusubiri ni ukatili. Dada aliliona sharti hilo kuwa baridi mno. Mimi nililiona kuwa heshima ya juu ambayo paka yule alipewa, kwa kuwa lilimhakikishia kwamba hatahukumiwa kwa ugonjwa usio wake.

Katika mwezi wa nne uzito ulishuka hadi kilo 2.7. Kreatinini ilikuwa imevuka 5.0, yaani hatua ya nne. Paka aliacha kuruka kitini, akaacha kujilamba, na kwa siku mbili hakula hata kwa dawa ya kuamsha hamu. Karatasi ya mlezi ilisomeka 19 na ya binti 21. Asubuhi ya siku hiyo mikono ya mlezi ilikuwa kwenye 3. Alipiga simu mchana, si usiku, na hakughairi. Alimshika paka mwenyewe hadi mwisho, bila glavu, akiwa hajapaka kitu chochote mikononi tangu jana yake.

Alitarajia kwamba maumivu ya mikono yangepungua mara kazi ya dripu itakapoisha. Hayakupungua. Wiki tatu baadaye yalikuwa yakipanda hadi 8 kama zamani, na mwanzoni alijilaumu akidhani kwamba ni majonzi tu. Daktari wa viungo hakukubaliana naye. Kwa mara ya kwanza alikuwa na rekodi ya kila siku ya miezi minne, isiyochanganywa na hali ya mtu mwingine, na rekodi hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa haukuwa umedhibitiwa tangu siku yake ya kwanza. Alibadilisha dawa.

Binti bado hupita siku tatu kwa wiki. Siku hizi anachomfungulia ni kifuniko cha chupa ya dawa za mlezi.